Vimeng'enya-nano na Tiba ya Saratani: Maelezo na Istilahi

Makala haya yamekusudiwa wafasiri, walimu na watumishi wa Serikali ambao, katika kazi zao za kila siku, hukutana na maandishi ya kigeni yahusuyo tiba mpya za saratani. Miongoni mwa maandishi hayo limo fungu moja linaloongezeka upesi, nalo ni lile lielezalo jinsi wataalamu wanavyobuni chembe ndogo mno, za madini au za kaboni, zenye tabia ya kufanya kazi ya vimeng'enya. Nia yao ni chembe hizo ziharibu seli za saratani mahali zilipo, na kuziacha seli nzima zikiwa salama.

Mfasiri anayekabidhiwa maandishi ya namna hii hujikuta kati ya mashaka mawili. Akiyachukua maneno ya kigeni jinsi yalivyo, msomaji wake haambulii kitu. Akitafuta neno la Kiswahili kwa haraka, huenda akaahidi jambo ambalo mwandishi wa awali hakuliahidi. Katika somo la kilimo au la ufundi kosa hilo huweza kusahihishwa baadaye. Katika somo la saratani msomaji huenda akawa ni mgonjwa mwenyewe, au ni ndugu yake anayeuza ng'ombe ili apate nauli ya kumfuatia dawa. Kwa hiyo tumeonelea kwamba, kabla ya kupendekeza istilahi, hapana budi tueleze kwanza jambo lenyewe, kwani haifai kukipa jina kitu kisichofahamika.

Kimeng'enya ni nini?

Neno kimeng'enya limetokana na kitenzi kumeng'enya, yaani kuvunjavunja kitu mpaka kiwe vipande vidogo, hasa chakula kiwapo tumboni. Wataalamu wa Ulaya nao walitafuta jina lao kwa njia isiyo mbali na hiyo. Mjerumani Wilhelm Kühne, katika miaka ya 1870, alilichukua kutoka katika maneno ya Kigiriki yenye maana ya "ndani ya chachu", kwa sababu wakati ule jambo hili lilijulikana zaidi kwa namna chachu inavyoumua unga na kugeuza sukari kuwa pombe. Sisi tukatazama tumbo, wao wakatazama mtungi. Lakini kitu kinachotajwa ni kimoja.

Kimeng'enya ni kichocheo. Kazi yake ni kuharakisha mmenyuko wa kikemia bila chenyewe kutumika na kwisha. Mfano ulio karibu na kila mwalimu ni ule wa dawa ya haidrojeni peroksidi inayotumika kusafishia vidonda. Dawa hiyo ikiwa ndani ya chupa hutulia kwa miezi mingi. Ikidondoshewa kidonda hutoa povu jeupe papo hapo. Povu hilo ni oksijeni inayotoka baada ya peroksidi kuvunjwa kuwa maji na oksijeni, na kinachoivunja ni kimeng'enya kiitwacho katalesi, kilichomo katika damu na katika nyama ya mwili. Mwalimu asiyekuwa na maabara anaweza kuonyesha jambo hilo hilo kwa kipande cha ini bichi au cha kiazi.

Mwaka 1897 Eduard Buchner alionyesha kwamba maji yaliyokamuliwa kutoka katika chachu, yasiyo na seli hai hata moja, yanaweza kugeuza sukari kuwa pombe. Kwa kazi hiyo alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1907. Mwaka 1926 Mmarekani James Sumner alifaulu kupata fuwele za kimeng'enya kiitwacho uresi, na akathibitisha kuwa ni protini. Tangu hapo vitabu vya shule vikafundisha kwamba kila kimeng'enya ni protini. Hata hivyo, katika miaka ya 1980 iligunduliwa kwamba hata RNA, ambayo si protini, huweza kufanya kazi hiyo, na wagunduzi wake, Thomas Cech na Sidney Altman, wakapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1989.

Tumeyataja hayo kwa sababu moja. Wako watakaosema kwamba neno kimeng'enya lisitumike kabisa kwa kitu kisichokuwa protini. Historia inaonyesha kuwa mpaka wa maana yake umekwisha kusogezwa mara moja, na ulisogezwa na wenye elimu hiyo wenyewe.

Maana ya nano

Sehemu ya pili ya jina letu ni nano. Neno hili limetokana na Kigiriki, na maana yake ya asili ni kibete. Mwaka 1960 lilikubaliwa rasmi katika mfumo wa kimataifa wa vipimo liwe na maana ya sehemu moja ya bilioni moja. Hivyo nanomita 1 ni sehemu moja ya bilioni moja ya mita. Unywele mmoja wa binadamu una unene wa nanomita 80,000 hivi. Chembe tunazozizungumzia hapa kwa kawaida zina upana usiozidi nanomita 100, na nyingi ni ndogo kuliko hapo.

Hapa tungependa kuwatahadharisha walimu. Mwanafunzi anaposikia nanomita kwa mara ya kwanza, sikio lake huenda likasikia nane, akadhani ni mita nane au sehemu ya nane. Si vibaya mwalimu akaanza somo kwa kulitenga neno hilo na hesabu ya vidole.

Kwa nini udogo uwe na maana kubwa namna hii? Tuchukue mche wa madini wenye pande sawa, kila upande sentimita 1. Eneo lake lote la nje ni sentimita za mraba 6. Tukiukata mche huo huo katika miche midogo yenye upande wa nanomita 1, madini hayaongezeki hata chembe, lakini eneo lote la nje linafikia mita za mraba 6,000, karibu na eneo la kiwanja cha mpira. Mmenyuko wa kichocheo kigumu hutokea juu ya uso wake. Kwa hiyo kitu ambacho kikiwa bonge hakifanyi lolote la kutambulika, kikiwa chembe-nano huweza kuwa kichocheo chenye nguvu.

Chembe za chuma zilizofanya kazi ya protini

Mwaka 2004 wataalamu wa Italia, akiwamo Lucia Pasquato na Paolo Scrimin, walitengeneza chembe-nano za dhahabu zilizovishwa molekuli maalumu, zikawa na uwezo wa kukata vifungo vya kikemia vya aina ile inayokatwa na vimeng'enya vinavyovunja RNA. Hao ndio waliotumia kwanza jina ambalo leo limeenea duniani, lililoungwa kwa neno nano na mwisho wa neno la Kiingereza la kimeng'enya.

Mwaka 2007 ukatokea ugunduzi uliopanua jambo hili. Kundi la Yan Xiyun, katika Taasisi ya Fizikia-hai ya Chuo cha Sayansi cha China mjini Beijing, lilitangaza kwamba chembe-nano za oksidi ya chuma, ile ile ya sumaku ya asili, zinafanya kazi ya kimeng'enya kiitwacho peroksidesi bila kuvishwa chochote. Kabla ya hapo chembe hizo zilihesabiwa kuwa kitu baridi kisichoshiriki katika mimenyuko ya mwilini; zilithaminiwa kwa usumaku wake tu. Wataalamu hao walionyesha pia kwamba chembe ndogo zilifanya kazi kwa nguvu zaidi kuliko kubwa, jambo linaloafikiana na hesabu ya mche tuliyoitoa hapo juu.

Tofauti ya vitu hivi viwili ni hii. Kimeng'enya cha protini ni nyuzi ndefu iliyokunjwa kwa ustadi. Kikipata joto kali au asidi kali hukunjuka na kupoteza kazi yake, kama ute wa yai unavyoganda ukipikwa. Chembe ya madini haina mkunjo wa kuharibika. Huvumilia joto, huhifadhiwa kwa muda mrefu, na gharama yake ya kutengeneza ni ndogo. Kwa upande wa pili, kimeng'enya cha protini huchagua sana. Kila kimoja kina mahali pake tendaji ambapo kitu kinachofaa huingia kama ufunguo katika kufuli. Uso wa chembe ya madini hauna uchaguzi wa namna hiyo. Huko ndiko kwenye nguvu ya chembe hizi na ndiko kwenye hatari yake.

Hali ya ndani ya uvimbe

Uvimbe wa saratani una hali yake ya ndani isiyofanana na hali ya mwili mzima. Seli zake hutumia sukari kwa pupa na kutoa asidi nyingi. Jambo hili la sukari lilichunguzwa na Mjerumani Otto Warburg tangu miaka ya 1920. Damu ina kipimo cha pH cha 7.4 hivi, ndani ya uvimbe mwingi kipimo hushuka chini ya 7. Oksijeni ni haba, kwa kuwa mishipa ya damu ya uvimbe imeota ovyo. Haidrojeni peroksidi ni nyingi kuliko ilivyo katika seli za kawaida. Tena seli hizo hujikinga kwa akiba kubwa ya kitu kiitwacho glutathioni, ambacho huzima sumu za oksijeni kabla hazijadhuru.

Hali hizo, ambazo kwa mgonjwa ni balaa, kwa mbunifu wa chembe ni alama za kutambulisha mahali. Mwaka 1894 Mwingereza Henry Fenton alieleza jinsi chuma kinavyoipa haidrojeni peroksidi uwezo mkubwa wa kuunguza vitu kikemia. Leo tunafahamu kuwa peroksidi hiyo ikikutana na chuma huzaa radikali ya haidroksili, kitu kikali mno kinachoshambulia protini, mafuta ya utando wa seli, hata DNA. Mmenyuko huo hupenda mahali penye asidi. Kwa hiyo chembe ya oksidi ya chuma ikiingia katika vifuko vya asidi vilivyomo ndani ya seli, viitwavyo lisosomu, ikakuta peroksidi, huigeuza kuwa silaha. Chembe hiyo hiyo ikiwa mahali pasipo na asidi hufanya kazi ya katalesi, yaani huvunja peroksidi kuwa maji na oksijeni bila kuleta madhara yale. Chembe ni moja na kazi ni mbili. Kinachoamua ni hali ya mahali.

Namna ya kubuni

Mtu akisoma kwamba chembe hizi hubuniwa, asidhani kuwa ni kazi ya kubahatisha. Mbunifu ana mambo kadhaa ya kuchagua, nayo hutajwa tena na tena katika maandishi haya, kwa hiyo yafaa mfasiri ayafahamu.

La kwanza ni kitu cha kutengenezea chembe: chuma, manganisi, seri, dhahabu, platini, au kaboni iliyochanganywa na naitrojeni. Kila kimoja kina mwelekeo wake.

La pili ni ukubwa na umbo, kwa sababu ya eneo la nje.

La tatu ni vazi la nje, ambalo huizuia chembe isigandamane na wenzake na isikamatwe mapema na seli za kinga.

La nne ni chakula cha mmenyuko. Peroksidi iliyomo ndani ya uvimbe, ingawa imezidi ya kawaida, mara nyingi haitoshi. Mwaka 2017 wataalamu wa Shanghai walichapisha kazi ambamo chembe ndogo za oksidi ya chuma ziliwekwa pamoja na kimeng'enya halisi, oksidesi ya glukosi, ndani ya tufe lenye vinyweleo la silika. Kimeng'enya hicho huchukua sukari ya uvimbe na kuigeuza kuwa asidi na peroksidi. Chuma hupokea peroksidi hiyo na kuzaa radikali. Hivyo kimoja kinapika na kingine kinapakua.

La tano ni kuivunja ngao ya seli. Oksidi ya manganisi, kwa mfano, hupambana na glutathioni na kuipunguza, ili radikali zisizimwe.

La sita ni kipokezi. Seli nyingi za saratani zina vipokezi vingi vya kupokelea chuma katika utando wake, kwa kuwa zinakihitaji ili zizaliane. Mwili wetu una protini iitwayo feritini, ghala la chuma lenye umbo la tufe lenye uwazi ndani, upana wake nanomita 12. Feritini hujishika katika mojawapo ya vipokezi hivyo. Mwaka 2012 kundi la Beijing lilijaza oksidi ya chuma katika ganda la feritini, likatumia chembe hizo kupaka rangi vipande 474 vya tishu za wagonjwa wa aina tisa za saratani. Mwaka 2018 kundi hilo liliwaongoza kwa feritini hiyo hiyo vimeng'enya-nano vya kaboni na naitrojeni hadi ndani ya lisosomu za seli za saratani katika panya, na uvimbe wa panya hao ukapungua.

Tarakimu za ile kazi ya mwaka 2012 ni mfano mzuri wa mtego unaomngoja mfasiri. Taarifa ilitaja asilimia 98 na asilimia 95. Ya kwanza ni unyetivu: katika kila vipande 100 vyenye saratani, njia ile ilivitambua 98. Ya pili ni ubainifu: katika kila vipande 100 visivyo na saratani, iliviacha 95 bila kuvisingizia. Mfasiri akiyaita yote mawili "usahihi", ameyafuta maana. Na akiandika kwamba vimeng'enya-nano "vimefaulu kwa asilimia 98 katika saratani", amemwongopea mgonjwa, kwani hapo hapakutibiwa mtu. Palipakwa rangi vipande vya nyama vilivyokwisha kukatwa.

Kulenga si kufuma

Neno ambalo pengine limeleta matumaini makubwa kuliko yote ni lile la kulenga. Wengi huandika "tiba lengwa". Kwa sarufi ya Kiswahili umbo la kutendwa linatuambia kwamba tiba ndiyo inayolengwa, kana kwamba ndiyo shabaha, wakati shabaha ni uvimbe. Kwa sababu hiyo tunapendekeza tiba lenga, na kinacholengwa kiitwe kilengwa.

Lakini hata umbo likirekebishwa, maana bado yahitaji uangalifu. Mwindaji anayelenga si lazima afume. Mwaka 1986 Wajapani Yasuhiro Matsumura na Hiroshi Maeda walieleza kwamba mishipa ya damu ya uvimbe huvuja, na molekuli kubwa hupenya na kubaki humo kuliko mahali pengine. Tangu hapo imetumainiwa kuwa chembe-nano zitajikusanya zenyewe ndani ya uvimbe. Mwaka 2016 wataalamu wa Toronto, wakiongozwa na Warren Chan, walikusanya matokeo ya majaribio ya miaka kumi yaliyofanywa kwa wanyama. Kiwango cha kati walichokiona ni asilimia 0.7 tu ya dozi iliyodungwa ndiyo iliyofika katika uvimbe. Ndiyo kusema, katika chembe 1,000, zilifika 7. Sehemu kubwa ya chembe za namna hii huishia katika ini na wengu, ambavyo kazi yake ni kuchuja damu.

Hatusemi haya ili kuvunja moyo. Hata 7 zinaweza kufanya kazi kubwa, kwani kichocheo hakiishi kwa kutumika mara moja. Lakini msomaji ana haki ya kuambiwa tofauti ya kulenga na kufuma. Mfasiri anayeandika "dawa inayokwenda moja kwa moja kwenye saratani bila kugusa mahali pengine" ameongeza jambo ambalo tarakimu hazilikubali.

Aidha hapana budi kuzitofautisha hatua za uchunguzi. Kazi tulizozitaja zilifanywa katika vyombo vya maabara, katika vipande vya tishu, au katika panya. Ipo dawa ya chembe-nano za oksidi ya chuma iliyoruhusiwa Marekani mwaka 2009, lakini iliruhusiwa kwa ajili ya upungufu wa damu kwa wagonjwa wa figo, wala si kwa saratani. Njia ya kutoka kwa panya hadi kwa mgonjwa ni ndefu, na dawa nyingi hukwama njiani. Mtumishi wa Serikali anayepitia tangazo au maombi yenye neno nano aulize maswali matatu: jaribio lilifanywa kwa nani, lilipima nini, na chembe hizo hutokaje mwilini baada ya kazi. Neno geni lenye mvuto ni mtaji mzuri kwa mchuuzi wa unga usio na jina.

Kuchagua jina

Sasa twaweza kurudi kwenye jina. Njia zilizo mbele yetu ni tatu.

Njia ya kwanza ni kuliswahilisha neno la kigeni liwe nanozaimu. Ni jepesi kutamka na linafanana na lile la kimataifa. Kasoro yake ni kwamba linavunja udugu na kimeng'enya. Mwanafunzi aliyefundishwa kimeng'enya kwa miaka minne hataona kwamba nanozaimu ni jamaa yake.

Njia ya pili ni nanokimeng'enya. Hapa udugu unaonekana, lakini kiambishi ki- kimefichwa katikati ya neno. Wingi wake uwe nini? Nanovimeng'enya? Na upatanisho wake je, nanokimeng'enya hiki au nanokimeng'enya hii? Lugha yetu huuweka usukani wa neno mbele, nako ndiko unakotakiwa ubaki.

Njia ya tatu ni kimeng'enya-nano, wingi wake vimeng'enya-nano. Kiambishi kiko mahali pake, upatanisho hauna mashaka, na sehemu ya pili inafanya kazi ya kubainisha, kama ilivyo katika majina mengi ya kuunganisha. Atakayepinga atasema kwamba kitu hiki si kimeng'enya, ila kinaiga kimeng'enya. Ni kweli. Lakini Kiswahili kina desturi ya kale ya kutaja kitu kwa jina la kile kinachokiiga, mradi neno la pili liweke mpaka. Mwanasesere si mwana. Hakuna mzazi aliyewahi kumpikia uji, wala hakuna mtoto aliyedanganyika kwa jina hilo. Vivyo hivyo kimeng'enya-nano ni kimeng'enya kwa kazi, si kwa asili. Hii ndiyo njia tunayoipendekeza, kwa sharti kwamba maandishi yanayowaendea wagonjwa yaeleze, mara ya kwanza neno litajwapo, kuwa ni chembe iliyotengenezwa na binadamu.

Yapo maneno mengine mawili yanayohitaji tahadhari. Katika vitabu vingine neno chembe, au chembe hai, limetumika kwa maana ya seli. Mtu akiandika "chembe hizi huua chembe za saratani", msomaji hatajua nani ameua na nani ameuawa. Kwa somo hili chembe ibaki kwa vitu visivyo hai, na seli itumike kwa vilivyo hai. La pili ni kichocheo. Watu wengi hulitumia kwa maana ya homoni, na jina la tendo, uchochezi, limekwisha kuchukuliwa na sheria. Taarifa isemayo kwamba "uchochezi umefanyika ndani ya uvimbe" itamchekesha hakimu. Kwa tendo la kikemia tutumie uchocheaji.

Istilahi tunazopendekeza

Kichocheo: kitu kinachoharakisha mmenyuko wa kikemia bila chenyewe kutumika na kwisha. Tendo lake ni uchocheaji.

Kimeng'enya: kichocheo kinachotengenezwa na kiumbe hai, kwa kawaida ni protini.

Kimeng'enywa: kitu kinachofanyiwa kazi na kimeng'enya au na kimeng'enya-nano.

Mahali tendaji: sehemu ya kimeng'enya ambapo kimeng'enywa hushikwa na kugeuzwa.

Chembe-nano: chembe isiyo hai ambayo upana wake ni kati ya nanomita 1 na 100.

Kimeng'enya-nano: chembe-nano iliyotengenezwa na binadamu, yenye uwezo wa kufanya kazi ya kimeng'enya.

Peroksidesi, katalesi, oksidesi: majina ya vimeng'enya kwa kazi zake. Mwisho -esi utumike kwa kundi lote.

Kipokezi: molekuli ya seli inayopokea na kushika molekuli nyingine maalumu.

Tiba lenga: tiba iliyobuniwa ili ifanye kazi yake katika kilengwa zaidi kuliko mahali pengine.

Unyetivu: uwezo wa kipimo kuwatambua wenye ugonjwa.

Ubainifu: uwezo wa kipimo kutowasingizia wasio na ugonjwa.

Hizi ni rai, si amri. Istilahi huishi kwa kutumiwa, na hufa kwa kuachwa hata kama zilipitishwa na kikao cha wataalamu. Tunawaomba walimu wazijaribu darasani, wafasiri wazijaribu katika maandishi yao, na waganga wazijaribu mbele ya wagonjwa wao, kisha watuletee maoni ili Baraza liyafikirie. Tungependa hasa kusikia kutoka kwa wale wanaokaa ana kwa ana na mgonjwa, kwa maana wao ndio wanaouona uso wake wakati neno linapomfikia, nao watajua kama amelielewa au amelitumainia tu.